Kwenye Picha za Kutisha, Nani Anaitwa?

Mama yangu mdogo haangalii picha za kutisha, anazisimamia. Anakaa ukingoni mwa kochi, mtandio mabegani, mkono shavuni, na yule msichana wa Kizungu akianza tu kushuka ngazi za chumba cha chini na tochi inayozimika-zimika, mama mdogo anang'aka: "Kwani huyu kwao hana watu? Si aite mtu!" Swali hilo nimemwibia. Sasa ndilo ninaloanza nalo kila ninapoweka picha ya kutisha, iwe imetoka Japani, Indonesia, Nigeria au Marekani. Mambo yakiharibika, nani anaitwa? Akiitwa, anakuja? Akija, anaweza?

Kwa kawaida watu wakilinganisha picha hizi huanza na mazimwi. Wale wana mnyonya damu mwenye joho, wale wana mwanamke wa nywele ndefu, hawa wana maiti zinazotembea. Ni orodha tamu ya kupigia soga lakini haisemi mengi, maana mazimwi husafiri. Maiti zilizoanza kutembea Pennsylvania mwaka 1968, mwaka 2016 zilikuwa zimeshapanda treni Korea Kusini kuelekea Busan. Kinachogoma kusafiri ni yule anayeitwa. Huyo ni wa nyumbani kabisa, na ukimchunguza utajua watu wa pale wanamwamini nani, na nani wameshamchoka.

Tuanze na Marekani, kwa kuwa ndizo tulizokulia. Mwaka 1978 John Carpenter alitoa *Halloween*, picha ya fedha kidogo ambayo muuaji wake alivalishwa kinyago cha dukani cha Captain Kirk wa *Star Trek*, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Kinyago ndicho kila mtu anachokumbuka. Mimi nakumbuka mlango. Laurie, yule binti anayelea watoto wa watu usiku, anatoka mbio huku akichechemea, anafika nyumba ya jirani, anagonga, anapiga kelele aokolewe. Taa ya barazani inawaka. Mtu anachungulia dirishani. Halafu taa inazimwa.

Ni sekunde chache, na muuaji mwenyewe hayumo. Mtu aliyekulia Tanga kama mimi, au Temeke, hapo ndipo anapokaa sawa kwenye kiti. Kwetu ukipiga ukunga saa nane za usiku watu watatoka hata kama wamekuchoka: mwenye panga, mwenye mchi, mwenye khanga moja, na mtoto aliyekatazwa asitoke. Wakishajua ulichokuwa unapigia kelele watakusema mwezi mzima, lakini kutoka watatoka. Carpenter anakuonyesha mtaa msafi, majani yamekatwa, kila nyumba na uzio wake wa adabu, na anakuacha uone kwamba muuaji amechagua mahali pazuri kwa kazi yake.

Hapo msaada haukuja. George Romero alikuwa ameshatangulia kuonyesha ukija inakuwaje. Katika *Night of the Living Dead*, ile ya 1968, mwenye akili kuliko wote ndani ya nyumba ni Ben, mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Yeye ndiye anayepigilia mbao madirishani, yeye ndiye anayewatuliza waliopagawa, na yeye ndiye pekee anayeuona mwanga wa asubuhi. Nje wamefika waokoaji: sherifu, raia wenye bunduki, mbwa. Ben anachungulia. Wanamdhania maiti, wanampiga risasi ya kichwa, kisha wanamkokota kwa ndoano za nyama hadi kwenye rundo la kuchomwa moto. Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, mahali ambapo katiba ina kifungu kimoja tu, kwamba steringi hafi. Watu walibaki wamekaa wakisubiri kipande cha pili.

Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2017, Jordan Peele aliuchukua mwisho huo na kuucheza akijua tunaukumbuka. Mwishoni mwa *Get Out*, Chris, kijana mweusi, yuko barabarani usiku, mikono ina damu, mwanamke Mzungu amelala chini mbele yake, na zinatokea taa nyekundu na bluu za gari. Katika picha nyingine yoyote taa hizo zina maana moja, tumepona. Hapa ukumbi mzima unaguna. Peele alipiga hata mwisho mwingine ambao Chris anaishia gerezani. Katika toleo lililokwenda kwenye majumba ya sinema anashuka rafiki yake Rod, mlinzi wa uwanja wa ndege, ambaye alishakwenda polisi kueleza yote na wapelelezi wakamcheka.

Na picha ile ina jambo ambalo sisi tulilidaka kabla ya wenyewe. Wimbo wake wa mwanzo, uliotungwa na Michael Abels, unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Umeimbwa kwa Kiswahili, na ujumbe wake ni onyo: kimbia. Kiswahili chenyewe kina ugeni wa safari ndefu, sikatai. Lakini nilikuwa sebuleni Dar es Salaam, gari la Chris halijafika hata kwa wakwe, nywele zikanisimama. Waliopaswa kuitwa wameshakuja bila kuitwa. Wamesema kila kitu. Yeye hajui lugha yao.

Baada ya jirani na polisi, wa tatu ni mtu wa dini. Kila mtu anajua *The Exorcist* ya William Friedkin ya mwaka 1973, kichwa kinachozunguka na matapishi ya kijani. Wachache wanakumbuka kwamba padri anachelewa sana kuingia. Mama yake Regan, yule binti mwenye pepo, anaanza hospitali. Kuna kipimo cha mishipa ya kichwa ambapo mtoto anafungwa kitandani, sindano inaingia shingoni, damu inaruka, mashine inagonga kwa kishindo juu ya uso wake, na mimi nitakuambia wazi kwamba dakika hizo zinaniumiza kuliko shetani mwenyewe. Ni madaktari haohao ndio mwishowe wanaomnong'oneza mama habari za kupunga pepo. Mpangilio huo tunaujua wote: vipimo, vipimo tena, halafu mtu mmoja mzima na shahada zake anakuvuta pembeni na kukuambia mtafutieni mtu amsomee. Padri Karras anakwenda kuomba kibali kwa askofu, anapewa mzee mzoefu wa kumwongoza, na kabla ya alfajiri wote wawili wamekufa. Kanisa limeshinda, ila limelipa.

Mwaka uliofuata Waturuki waliichukua hadithi hiyo karibu onyesho kwa onyesho. Metin Erksan alitengeneza *Şeytan* (1974), msalaba ukatoka, Uislamu ukaingia. Watu huicheka kwa ajili ya vifaa vyake duni. Kwangu tatizo lake liko pengine: hadithi imekatika uti wa mgongo. Ile ya Friedkin inasimama juu ya kibali. Kuna ngazi, kuna mwenye ruhusa na asiye na ruhusa, kuna ibada maalumu ndani ya kitabu maalumu. Sasa Ayatul Kursiyyu ina kibali cha nani? Mtoto wa madrasa anaijua, bibi anaisoma huku anapepeta mchele. Ukimwondoa askofu, ule mvutano wote wa nani atathubutu kuingia chumbani unayeyuka. Ilibidi Uturuki isubiri hadi miaka ya 2000, kwenye mfululizo wa *Dabbe* wa Hasan Karacadağ na baadaye *Siccin* ya mwaka 2014, ili ipate hofu yake yenyewe: majini yaliyotumwa, na aliyeyatuma ni ndugu wa damu anayekaa nanyi mezani. Hizo mama mdogo hahitaji maandishi ya chini kuzielewa.

Indonesia ndiko ninakokaa zaidi siku hizi. Picha mbili za jina moja, *Pengabdi Setan*, zinaeleza habari ya nchi nzima ukiziweka pamoja. Ya kwanza, ya Sisworo Gautama Putra, ilitoka mwaka 1980. Familia tajiri imeacha kusali, mama anafariki, mama anarudi. Mwishoni anafika kiai, yaani sheikh wao, na wafuasi wake, wanasoma, uovu unateketea, watoto wanarudi msikitini. Enzi za rais Soeharto picha nyingi za kutisha ziliishia hivyohivyo; vurugu ziruhusiwe saa moja na nusu, lakini kabla watu hawajatoka ukumbini lazima mwenye kilemba arudishe utaratibu.

Mwaka 2017 Joko Anwar aliifanya upya. Familia sasa ni masikini, nyumba yao inapakana na makaburi, mama aliyekuwa mwimbaji amelala kitandani miaka kadhaa hawezi kusema, na pembeni yake kuna kengele ndogo ya mkono. Akitaka kitu anaigonga. Mtu wa nyumbani anaacha alichokuwa anafanya, anapanda ngazi. Mama akifa, kengele inaendelea kulia. Ustaadhi yupo pia, jirani mwema, mpole, anawashauri wasali, na unakaa unamsubiri afanye kazi ya yule kiai wa 1980. Hafanyi. Anamzika mtoto wake mwenyewe, na usiku wa mwisho naye hasalimiki. Hakuna anayemkejeli, na ndiyo maana inauma. Ni mtu mzuri aliyezidiwa.

Halafu kuna pocong. Ni maiti iliyofungwa sanda yote, mafundo kichwani na miguuni, na kwa kuwa miguu imefungwa hutembea kwa kuruka-ruka. Nimewahi kuona Wazungu mtandaoni wakiicheka kama gunia linaloruka. Imani yenyewe ni kwamba maiti iliyozikwa bila kulegezwa vifundo vya sanda itarudi kuomba ifunguliwe. Mimi nimeshashuka kaburini kumpokea marehemu babu yangu mkubwa, na kazi niliyopewa ndiyo hiyohiyo. Tulimlaza kwenye mwanandani, ubavu wa kulia, na fundo la kichwani likagoma. Vidole vyangu vilikuwa na udongo mbichi, kitambaa kinateleza, harufu ya kafuri na udi imejaa shimoni. Juu yetu mzee mmoja akasema polepole, "Usilikate. Lilegeze." Nikalilegeza. Kwa hiyo mimi pocong akiruka sicheki. Najua kuna kijana mahali fulani alikosa subira na fundo.

Uzuri wa pocong kwa mtazamo wangu ni kwamba hamuiti mtu mwenye nguvu. Anayeitwa ni wewe, na unachoombwa ni kazi ya dakika moja ambayo huna ujasiri wa kuifanya.

Tukija Korea, kuna picha moja inayoliuliza swali la mama mdogo kwa muda wa zaidi ya saa mbili na nusu bila kukuonea huruma. *The Wailing* ya Na Hong-jin, mwaka 2016, iko Gokseong, wilaya ya milima na ukungu. Jong-goo ni askari polisi wa kijijini, mnene, mwoga, anachelewa kazini kwa sababu mama mkwe kamwambia ale kwanza. Watu wanaanza kuota upele na kuua jamaa zao. Serikali inasema ni uyoga. Kijiji kinasema ni yule mgeni wa Kijapani anayekaa msituni. Halafu mtoto wa Jong-goo, binti mdogo mwenye akili, anaanza kula samaki kama aliyetoka kifungoni na kumtukana baba yake matusi ya nguoni.

Polisi ni yeye mwenyewe, kwa hiyo hapo pameshafungwa. Hospitali hawaoni kitu. Mama mkwe anasema aitwe mganga, na mganga anakuja na gari lake zuri kutoka mjini, anavaa, anataja bei. Onyesho la uganga wake ni la kuangalia hata kama hutamaliza picha. Ngoma, matoazi, kuku wanachinjwa, mganga anazunguka na kisu, na picha inakatwa kwenda kwa yule Mjapani msituni naye akifanya ibada yake, na kurudi kwa mtoto anayejinyonga-nyonga sakafuni kwa maumivu. Kila nyundo ya mganga inapopiga msumari, mtoto analia. Unajiambia anampiga adui. Baadaye unaanza kujiuliza msumari ule ulikuwa unampata nani. Baba anashindwa, anaingia na kuvuruga ngoma yote. Wanakwenda kanisani, na padri anawaambia warudi hospitali, wawaamini madaktari. Mwishoni kabisa baba amesimama kichochoroni: mwanamke wa ajabu mwenye nguo nyeupe anamwambia asiingie nyumbani mpaka jogoo awike mara tatu, na mganga kwenye simu anamwambia huyo mwanamke ndiye shetani.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo chenye mgonjwa ndani anaijua hali hiyo. Mjomba aliyeokoka anataka mchungaji. Shangazi ana fundi wake wa Pangani, hajawahi kushindwa. Mwenye kazi ya ofisini anataka Muhimbili. Sheikh ameshaandika kombe, liko kwenye kikombe mezani, zafarani inaelea. Kila mmoja anampenda mgonjwa, na kila mmoja ana uhakika kwamba mwenzake ndiye anayemuua. Sijaona picha ya Kiswahili iliyokikamata kikao hicho. Wakorea wamekikamata.

Japani wao wamefunga mlango kabisa. *Ringu* ya Hideo Nakata ya mwaka 1998 ina mkanda wa video. Ukiutazama, simu inalia, na baada ya siku 7 unakufa. Reiko, mwandishi wa habari, na mume wake wa zamani Ryuji wanafanya kila ambacho sisi tungefanya. Wanatafuta chanzo. Wanamfikia Sadako, binti aliyetupwa kisimani, wanateka maji kwa ndoo usiku kucha, Reiko anaupata mfupa wa kichwa na kuukumbatia kwa huruma. Saa yake inapita, hafi. Kwa kanuni zote za hadithi za mizimu mambo yameisha: aliyedhulumiwa ameonekana, mifupa imetolewa, roho itulie. Kesho yake televisheni ya Ryuji inajiwasha.

Sadako hataki kuzikwa wala kuhurumiwa. Ana kinyongo, na kinyongo chake hakina mlango wa ofisi unaoweza kugonga. Reiko alipona kwa sababu bila kujua alikuwa amerudufu mkanda na kumwonyesha mwingine. Kwa hiyo picha inaishia na mama akiendesha gari, deki iko kwenye kiti, anakwenda kwa baba yake mzazi ili mzee autazame na mjukuu apone. Pale ndipo Wajapani waliponimaliza. Anayeitwa ni babu, naye anaitwa ili achukue kifo.

Wakati ule watu walidhani ni uvumbuzi mpya, lakini mwanamke yule ana ukoo. Nguo nyeupe ni za maziko. Nywele zilizoachiliwa na uso uliopauka ni vya mizuka ya jukwaa la kabuki, kama Oiwa wa *Yotsuya Kaidan*, tamthilia ya mwaka 1825 kuhusu mke aliyetiwa sumu. Hata ile tembea yake ya kukatika-katika ni ufundi wa jukwaani uliokutana na kamera: mwigizaji Rie Inō alitembea kinyumenyume, kisha picha ikachezwa kwa kugeuzwa. Macho yako yanajua kuna kitu hakiko sawa kabla akili haijajua ni nini.

Sasa niseme kitu ambacho wachambuzi hawakisemi kwa sababu hawakukulia kwenye benchi la mbao. Picha za Kijapani hazikuweza kuishi kwenye kibanda umiza. Picha ya Kimarekani inakushtua kwa mpango ambao umekuwepo tangu *Cat People* ya mwaka 1942: mwanamke anatembea peke yake usiku, nyayo, kimya, kimya, na ghafla breki za basi zinafyatuka masikioni mwako. Basi tu. Mpango huo unavumilia jenereta linalonguruma nje, unavumilia mtoto anayeuza karanga, na mtafsiri wa kibandani, yule anayeisimulia picha kwa Kiswahili, anaujua vizuri. Ananyamaza, anasubiri, halafu anapiga kelele pamoja na basi. Nakata hana basi. Ana kisima, skrini ya chenga, na ukimya wa dakika nzima. Mtafsiri wa Kiswahili halipwi ili anyamaze. Sadako alipochomoza mkono wa kwanza, yule wa kwetu alisema, "Oyaa, huyu dada tangu azaliwe hajakutana na kitana," na kibanda kizima kikalala chini kwa kicheko. Sidhani kama kuna mzuka mwingine duniani uliodhalilishwa vile. Niliiona upya ukubwani, peke yangu, kwa spika za masikioni, na nikachomoa waya wa televisheni ukutani kabla ya kulala.

Nikitaka kumwonyesha mtu picha moja tu ya majini, ninampa *Under the Shadow* ya Babak Anvari (2016). Imezungumzwa Kifarsi, ilipigwa Jordan, na mahali pake ni Tehran mwishoni mwa vita vya Iran na Iraki, makombora yanaanguka mjini. Shideh anataka kurudi kusomea udaktari. Chuo kimemkataa kwa sababu ya siasa zake za zamani. Mume, daktari, ameitwa vitani. Kombora linatoboa ghorofa ya juu na halilipuki, linabaki limelala hapo kama mpangaji. Majirani wanaondoka mmoja mmoja, na mtoto anasema kuna mtu ndani ya nyumba.

Usiku mmoja Shideh anakumbwa na hofu, anamkumbatia mwanawe, anatoka mbio mtaani miguu mitupu. Doria inamkamata. Hawamuulizi anakimbia nini. Wanamuuliza kwa nini kichwa kiko wazi. Anaonywa kwamba ana bahati, anapewa chador, lile baibui la Kiirani, anarudishwa nyumbani. Kwenye jini. Na jini lenyewe, linapojitokeza waziwazi, ni chador kubwa tupu inayopepea, haina mtu ndani. Romero na Peele walionyesha kwamba anayekuja kuokoa anaweza kukuua. Anvari amekwenda hatua zaidi: anayekuja kuokoa na anayekutisha wamevaa nguo ileile.

Kuna wasioingia kwenye swali langu, na sitawalazimisha. Waitalia hawajali nani anaitwa. *Suspiria* ya Dario Argento (1977) ina shule ya dansi huko Freiburg, wachawi, muziki wa bendi ya Goblin unaonong'ona na kugonga kama watu wanaokula njama chumba cha pili, na rangi: nyekundu, bluu, kijani, ukutani, usoni, kwenye kioo kinachovunjika juu ya mtu. Ukiuliza kwa nini hawakupiga simu umekosea ukumbi. Wahindi nao, wale ndugu wa Ramsay wa *Purana Mandir* (1984), wana jibu tayari: jumba bovu, zimwi, nyimbo mbili za mapenzi, mchekeshaji, na mwishoni trishula, ule mkuki wa meno matatu wa mungu Shiva. Nazipenda kwa jinsi zisivyoona aibu.

Nigeria ni karibu na sisi zaidi. *Living in Bondage* ya mwaka 1992, iliyozalishwa na Kenneth Nnebue na kuuzwa kwa mikanda ya video, imezungumzwa Kiigbo na inamhusu Andy, kijana wa Lagos aliyechoka kuona wenzake wanatajirika. Anajiunga na kundi, anamtoa mke wake kafara, anapata fedha, na mke anamrudia. Hapo mzuka si wa kupambana nao. Ni deni. Anayeitwa ni kanisa, na kanisa linaweza; picha nyingi zilizofuata zilikuwa na mchungaji mwishoni kama vile zile za Soeharto zilivyokuwa na kiai wake. CD zake zilipojaa Kariakoo miaka ya 2000, watengenezaji wetu walijifunza humo. Mussa Banzi alitupa *Nsyuka* na *Shumileta*, na kwa wakati ule, kwa fedha ile, sina neno baya. Lakini baada yake tulibaki na meno ya plastiki, lenzi nyekundu za macho na moshi, tukadhani hofu inauzwa dukani.

Na ilhali tuna Popobawa. Mwaka 1995 alianzia Pemba akavuka hadi Unguja, akarudi tena 2001 na 2007. Watu walisema anaingia usiku, anawaingilia wanawake na wanaume vitandani mwao, na ukiangalia kwa makini masimulizi yake utaona kitu kinachoitangulia picha ya Nakata kwa miaka mitatu: aliyeingiliwa anaamriwa atangaze. Asipowaambia wenzake, mgeni anarudi. Ni mkanda wa video uleule, bila deki.

Aliitwa nani? Waliitwa majirani. Watu walitoa mikeka, wakalala nje familia kwa familia, moto ukiwaka, wazee wakisoma, wengine wakipiga soga ili usingizi usiwapate. Kwa lugha ya Carpenter, mtaa mzima uliwasha taa za barazani. Ni jambo la kujivunia, ingekuwa limeishia hapo. Halikuishia. Mwaka ule wa 1995 mjini Unguja kundi la watu lilimshuku mtu mgeni, asiye na hatia, mwenye maradhi ya akili, likamuua. Waliotoka kusaidia ndio walioua, na hakuna sherifu aliyewatuma.

Hiyo ndiyo picha ninayoidai kwa watengenezaji wetu. Haihitaji lenzi nyekundu. Inahitaji uwanja mmoja, nyumba nne au tano zinazotazamana, waigizaji wanaojua kuongea kama watu waliokosa usingizi siku nyingi, na mwongozaji atakayemzuia mtu wa muziki asitie kinanda. Zimwi lisionekane hata mara moja. Mtafsiri hatahitajika. Mwenye muswada anitafute, mikeka ninayo.